Kimya cha Mwalimu Makofi

Siku makofi yalipokufa, mwalimu mwenyewe hakugundua mara moja. Alipiga kama kawaida, pa-pa, pa-pa-pa, na darasa la tano likamjibu kwa mpigo ule ule, safi kabisa. Kilichomshtua ni kwamba midomo haikufungwa. Mikono iliitika, midomo ikaendelea na shughuli zake. Msichana mmoja wa dawati la mbele alipiga makofi yote bila kukosea huku akimsimulia mwenzake jinsi paka wao alivyotumbukia kwenye ndoo. Makofi na kisa cha paka viliisha kwa pamoja.

Shule nzima ilimwita Mwalimu Makofi kwa sababu ya mbinu hiyo. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, na sauti ndogo ni mzigo kwa mtu aliyepewa watoto wanaobanana watatu watatu kwenye kila dawati. Fimbo hakuitaka. Aliwahi kuishika siku zake za kwanza kazini, akaona mtoto anakunja mabega kabla hata haijainuliwa, akairudisha ofisini na hakuifuata tena. Kwa hiyo alihitaji njia nyingine ya kuliita darasa likamgeukia, na njia hiyo ilikuwa makofi. Makofi yalipokufa alibaki mikono mitupu.

Ukuta uliotenganisha darasa lake na la jirani ulikuwa wa plaiwudi na haukufika darini. Upande wa pili alifundisha mwalimu wa makamo aliyejulikana kama Ngurumo, mtu ambaye akikohoa tu chaki zinatetemeka. Kelele za darasa la tano zilipovuka ukuta, Ngurumo naye alivusha maneno.

"Jirani! Huko ni shule au ni mnada?"

"Ni shule, kaka!"

"Basi punguzeni bei, wateja wangu hawasikii!"

Madarasa yote mawili yaliangua kicheko. Mwalimu Makofi naye alicheka, lakini kwa wasiwasi.

Alikuwa na sababu ya wasiwasi huo. Alifundisha kwa mkataba, na mkataba ulikuwa unakwenda ukingoni. Muhula huo mkaguzi angekuja kukaa darasani kwake, kisha angesema kama athibitishwe kazini au atafutwe mwingine. Waliomtangulia katika darasa lile lile walikuwa wawili, na wote walikuwa wameondoka na mikoba yao. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mnene, mpole, asiyependa kuzunguka mbuyu, alimwita akamwambia ukweli.

"Mdogo wangu, hesabu za sehemu unazifundisha vizuri. Nimesikia mwenyewe nikipita. Lakini mkaguzi hataanza na sehemu. Ataangalia kwanza kama darasa lina mwenyewe."

Tangu siku hiyo alianza kuwinda mbinu kama mtu anayewinda panya ndani ya nyumba, usiku na mchana, kila kona. Alijaribu kuhesabu kutoka tano kurudi nyuma. Ilifanya kazi mpaka watoto walipogundua kwamba tano, nne, tatu na mbili zote ni muda wao halali wa kupiga soga. Alijaribu kunong'ona: "Anayenisikia ashike sikio." Siku ya kwanza masikio yote yalishikwa, baadaye kila mmoja alishika sikio la jirani, na jirani akapiga yowe. Alitengeneza mdoli wa soksi aliyelala mezani, ambaye "huamka akisikia fujo." Watoto walimpenda mno. Walifanya fujo makusudi ili aamke, na siku moja akatoweka, akapatikana chooni amevalishwa kofia ya karatasi.

Katika safari zangu nimekaa viti vya nyuma katika madarasa mengi, ya lugha ninazozijua na nyingine ninazozibahatisha. Nimeona kengele ya baiskeli, filimbi, wimbo, taa inayozimwa na kuwashwa. Kila mwalimu alinionyesha mbinu yake kwa fahari, na kila mmoja, nilipouliza inafanya kazi tangu lini, alitazama pembeni. Mbinu ya kutuliza darasa ni kama kipande cha sabuni. Inafanya kazi kwa kuisha. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini upya haununuliwi kwa jumla ukawekwa stoo.

Nyumbani hali haikuwa nafuu. Mumewe alikuwa fundi wa friji, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kimejaa majokofu yaliyofunguliwa migongo. Mwalimu Makofi aliketi kati yao jioni akigonga mdundo mpya kwa kijiko kwenye mlango wa friji ya watu.

"Mama Pacha," mumewe alisema bila kuinua macho, "hiyo friji ina mwenyewe."

"Nisikilize kidogo. Huu mdundo, ungekuwa mtoto, ungenyamaza?"

"Ningekuwa mtoto ningecheza."

"Baba Pacha, sitanii."

"Hata mimi." Aliweka bisibisi chini. "Friji hii ina king'ora. Mlango ukibaki wazi inalia. Mteja ananiambia, fundi, king'ora kimekufa. Nimekifungua, ni kizima. Kimelia mpaka nyumba nzima imekizoea, hakuna anayekisikia."

"Kwa hiyo dawa yake nini?"

"Mimi natengeneza friji. Watu siwawezi."

Pacha wenyewe, waliokuwa bado chekechea, walikwisha kufanyiwa majaribio ya kila mbinu mpaka wakachoka. Akiinua tu mkono, mmoja alimwambia mwenzake, "Usimjibu, anafanya kazi," nao wakaendelea kucheza.

Asubuhi moja aliingia darasani hana kitu. Alikuwa amelala vibaya, ameamka vibaya, na njiani alikuwa amejaribu kufikiria mdundo, ishara, chochote, kichwa kikawa kama debe tupu. Kelele zilikuwa zimefika darini. Badala ya kwenda ubaoni, alikwenda akaketi kwenye dawati la mbele, kwenye ncha ya benchi, kando ya yule msichana wa paka. Watoto walimwita msichana huyo Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia. Redio alimsogelea akamchungulia usoni.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Leo hakuna kipya?"

"Leo sina."

Redio aligeuka akawatangazia wenzake kama taarifa ya habari. "Jamani, mwalimu ameishiwa!"

Kicheko kilipita darasa zima, kisha kikapungua chenyewe, kwa sababu mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alibaki ameketi pale. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Tumkopeshe." Kabla kipindi hakijaisha walikuwa wamekubaliana jambo.

Mpango ulikuwa hivi. Darasa lina safu za madawati, na kila wiki safu moja ingeshika zamu. Safu ya zamu ingebuni ishara yake, ishara isiyo na sauti, na yeyote katika safu hiyo angeweza kuitoa kelele zikizidi. Ishara ikitoka, wote wanaifuata na kunyamaza. Anayebaki anaongea peke yake amenaswa, anakwenda ubaoni na kufanya hesabu iliyochaguliwa na safu ya zamu.

"Na wewe ukiongea, mwalimu?" Redio aliuliza.

"Na mimi nimenaswa."

"Na Mwalimu Mkuu akiingia?"

Mwalimu Makofi alikuwa ameanza kuona mwanga, na mtu akiona mwanga ulimi hulegea. "Yeyote aliyemo humu ndani," alisema.

Watoto wakashangilia hivi kwamba Ngurumo aliuliza kutoka upande wa pili kama wamefunga goli.

Ilifanya kazi kuliko chochote alichowahi kujaribu. Safu ya dirishani walianza: kalamu juu ya paji la uso. Safu ya mlangoni wakaja na viwiko mezani, mashavu mikononi, kama wazee waliochoshwa na mkutano. Kila wiki ishara ilikuwa ngeni, na kwa kuwa ilikuwa yao, waliilinda. Mwalimu Makofi mwenyewe alinaswa mara kadhaa, akaenda ubaoni, akakosolewa mwandiko. Na hesabu zilifanyika. Waliowatungia wenzao maswali magumu ilibidi kwanza wayajue majibu.

"Jirani," Ngurumo aliuliza siku moja kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida, "huko wamekufa?"

"Wako hai, kaka."

"Mbona wananitisha."

Lakini wasiwasi haukumtoka, ulibadilisha tu chumba. Sasa aliogopa kitu kingine. Alikuwa ameigawa mamlaka ya darasa, na kitu ukishakigawa hujui kitarudi lini mkononi mwako. Tarehe ya mkaguzi ilipotangazwa alitazama zamu. Ilikuwa wiki ya safu ya Redio. Ishara yao ilikuwa kiganja utosini.

Alipanga kuwaambia asubuhi hiyo hiyo, kwa upole, kwamba wageni hawahusiki. Alifanya mazoezi ya sentensi hiyo akipiga mswaki. "Watoto, mgeni ni mgeni." Ilikuwa sentensi nzuri. Hakupata nafasi ya kuisema. Alipotoka mstarini na kufungua mlango wa darasa, mkaguzi alikuwa tayari ameketi benchi la nyuma, magoti yamegusa kidevu, mkoba mapajani, na Mwalimu Mkuu amebanana kando yake. Watoto walikuwa wamesimama wima.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mrefu, amenyoa vizuri, tai imebana. Aliinamisha kichwa kidogo kumaanisha endelea.

Somo lilikuwa kutoa sehemu kwa vipande vya karatasi. Mwalimu Makofi aliandika ubaoni, na chaki ikavunjika. Akaokota, ikavunjika tena. Aligawa karatasi. Vikundi vikaanza kukunja na kukata, na sauti zikapanda taratibu: robo iko wapi, hiyo ni nusu, nipe mkasi, wewe umekata vibaya. Alipita kati ya madawati akiinama hapa na pale, lakini masikio yake yalikuwa nyuma. Mkaguzi alikuwa ameanza kuzungumza na Mwalimu Mkuu, na kwa kuwa kelele zilipanda, naye alipandisha sauti. Mwalimu Makofi hakuweza kushika maneno. Alishika tu mlio wa mtu anayelalamika.

"Ananilalamikia mimi," aliwaza. Kelele zilikuwa zimezidi sasa. Ilibidi aziteremshe, na ilibidi azitulize yeye mwenyewe, aonekane. Alianza kuinua mkono.

Redio alimtangulia. Kiganja chake kilikuwa tayari utosini.

Safu yake ikafuata, kisha ya pili, kisha zote. Viganja vilitua vichwani, na darasa likanyamaza ghafla kama mtaa uliokatikiwa umeme. Mwalimu Makofi mwenyewe alikuwa na kiganja utosini. Katika kimya hicho sauti moja iliendelea, nzito, wazi, kila neno peke yake:

"...na hiki choo chenu, mama, kwa kweli hata mbuzi angekwenda kwingine."

Vichwa vyote viligeuka. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililotisha.

Mkaguzi alitazama kulia na kushoto. "Nini? Mbona wananitazama?"

Alizidi kujinasa. Mwalimu Mkuu, taratibu sana, bila kumtazama mtu, aliinua mkono wake akauweka juu ya kilemba chake.

Watoto walihamisha macho kutoka kwa mkaguzi hadi kwa mwalimu wao. Ilikuwa kusuka au kunyoa. Angeweza kutikisa kichwa tu, kidogo, na mgeni angeachwa. Nao wangeelewa, watoto huelewa haraka mambo ya namna hiyo: kwamba sheria ilikuwa ya wadogo, kwamba "yeyote" maana yake ni wao. Kesho angeinua mkono na midomo ingeendelea. Aliwaza pacha, aliwaza mkataba, aliwaza walimu wawili waliotoka na mikoba yao. Kusema hakuweza, ishara ilikuwa bado haijashushwa. Alikwenda mezani, akachukua chaki nzima, akatembea hadi nyuma ya darasa, akamnyooshea mkaguzi.

Mkaguzi aliitazama chaki. Kisha akamtazama yeye.

Redio alishusha kiganja, na sasa kuongea kukawa halali. "Robo tatu kutoa nusu," alisema. Halafu, kwa adabu aliyofundishwa nyumbani, akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba," alijibu mkaguzi, na bila shaka mdomo wake ulijibu kabla yake mwenyewe hajaamua. Aliinuka, akagonga goti kwenye dawati, akaenda ubaoni. Aliandika robo moja, akageuka kurudi.

"Bado," alisema Redio.

"Bado nini?"

"Hujaonyesha njia."

"Njia," alirudia Mwalimu Makofi kwa sauti yake ndogo.

Mkaguzi alirudi ubaoni. Aliandika kwamba nusu ni sawa na robo mbili, akatoa, akapigia mstari jibu. Safu ya zamu walishauriana kwa macho, kisha wakapiga makofi, na darasa zima likafuata. Mkaguzi alipangusa vidole kwa leso, akaketi mpaka kipindi kilipomalizika, akaondoka na Mwalimu Mkuu. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka lenye msiba.

Saa zilizofuata Mwalimu Makofi hakuzifundisha, zilipita tu juu yake. Wakati wa mapumziko Ngurumo alimkuta kwenye korido.

"Nasikia umempeleka mkaguzi ubaoni."

"Kaka, usiniongezee."

"Mimi sikuongezei. Nauliza tu, una roho ya chuma au una homa?"

"Nadhani ni homa."

"Pole." Akafikiri. "Alipata?"

"Alipata. Mara ya kwanza alisahau njia."

Ngurumo alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ukatikisika.

Mwalimu Mkuu alimwita watoto walipokwisha kuondoka. Alikuwa amevua viatu chini ya meza.

"Kaa, mdogo wangu. Mbona unasimama kama mshtakiwa?"

"Niambie tu, dada."

"Kwanza aliniuliza kama ulipanga kumdhalilisha. Nikamwambia hapana, huo ndio utaratibu wa darasa, hata mimi nimeshanaswa."

"Lakini hujawahi."

"Ndiyo maana kesho nakuja kwako kunaswa. Sitaki kubaki na uongo mdomoni." Alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Amesema hajaona darasa kubwa hivyo likinyamaza bila fimbo wala kelele. Amesema pia kwamba onyesho la siku moja hata mchekeshaji analo. Hakukuthibitisha. Hakukuondoa. Atarudi muhula ujao, bila kutoa taarifa. Akikuta darasa lina mwenyewe, atakubali."

"Na akikuta halina?"

Mwalimu Mkuu aliinama kutafuta viatu vyake. "Nenda nyumbani upumzike," alisema kutoka chini ya meza.

"Kwa hiyo umefaulu au umefeli?" aliuliza Baba Pacha jioni hiyo.

"Nimesogezwa."

"Mbele au nyuma?"

Alimrushia kitambaa cha vumbi.

Mwalimu Mkuu alikuja kweli, akanaswa, akafanya hesabu, akakosolewa. Na kuanzia hapo mambo yakaanza kuharibika kwa njia ambayo Mwalimu Makofi hakuitarajia. Watoto walikuwa wameonja mkaguzi. Kunasana wenyewe kwa wenyewe hakukuwa na ladha tena. Kila safu iliyoshika zamu ilibaki na kiganja utosini, ishara iliyomnasa mkaguzi. Mpishi akipita mlangoni, viganja vilipanda. Mlinzi akija kuuliza ufunguo, viganja vilipanda. Walipiga kelele makusudi ili mtu mzima aje kuwakemea, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja wakimsubiri kama paka mbele ya tundu. Hata Ngurumo alinaswa, kwa sauti tu, kupitia juu ya plaiwudi, na akatumiwa swali lake kwa karatasi iliyorushwa. Kimya kilikuwepo, tena kizito kuliko zamani. Lakini hakikuwa kimya cha kusikiliza. Kilikuwa kimya cha mtego, na ndani yake hakuna aliyejifunza kitu.

Alikaa nacho siku chache akitumaini amekosea. Mkaguzi akija sasa angeona nini? Viganja vichwani, darasa kimya kabisa. Angeweza kumdanganya nacho. Wazo hilo lilimjia asubuhi, likamfuata mpaka shuleni, na lilikuwa wazo tamu.

Aliingia akaketi ncha ya benchi la mbele.

"Imekwisha," aliwaambia.

"Nini?" Redio aliuliza.

"Kunasana. Tumeitumia mpaka imekwisha."

"Mwalimu! Inafanya kazi!"

"Inafanya kazi ya kunasa watu. Mimi nilitaka tusikilizane."

Redio alinuna, kununa kwa kweli, mikono imefungwa kifuani. Mwalimu Makofi alijua alichokifanya: alikuwa ametupa kitu pekee kilichokuwa kimemwokoa, na muhula wa mkaguzi kurudi ulikuwa umebakiza siku za kuhesabika kwa vidole kuanza.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza mmoja wa safu ya dirishani.

"Sijui. Leo tufanye bila kitu. Tutaona inakuwaje."

Aligawa vipande vya karatasi. Vikundi vikaanza kukunja na kukata. Sauti zikapanda, ikapanda na ya Redio, ambaye hakuweza kununa na kunyamaza kwa wakati mmoja. Upande wa pili wa plaiwudi Ngurumo alikohoa, akaendelea kufundisha. Mwalimu Makofi alisimama katikati ya darasa, mikono mitupu ikining'inia ubavuni, akisikiliza. Kuna kelele ya kazi na kuna kelele ya fujo, na mwanzoni zinafanana kama pacha. Alisogea kwenye dawati la kwanza, akainama kusikia wanabishana nini. Ilikuwa kelele ya kazi: walikuwa wanabishana kama nusu ya karatasi kubwa na nusu ya karatasi ndogo ni sawa. Alisogea kwenye la pili, akainama tena kusikiliza.